Chuma Kisicho na Jina

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia, kama ilivyo desturi kila tunapokutana, naye akaniachia uhuru wa kuchagua mada. Nimechagua habari ya magari ya kale ya jeshi la Waingereza, yaani malori, magari ya deraya na vifaru, na namna yanavyotambuliwa na kuhifadhiwa. Huenda baadhi yenu mkauliza, "Sisi na magari ya vita ya Waingereza wapi na wapi?" Jawabu ni kwamba yanatuhusu kuliko tunavyodhani, na mwishoni mwa makala haya ninalo ombi linaloihusu shule yetu wenyewe. Lakini tuanze na historia kwanza, maana ombi lisilo na hoja ni kelele tu.

Neno ninalotaka kulisema ni hili. Gari la vita haliponi kwa sababu ya unene wa chuma chake, wala kwa sababu yalitengenezwa mengi ya namna yake. Hupona kwa sababu yupo mtu aliyelijua kwa jina na kwa namba. Siku linapopotewa na jina, siku hiyo hiyo limekuwa chuma chakavu, na chuma chakavu hakikosi mnunuzi.

WINGI SI KINGA

Waingereza ndio waliotangulia kuingiza vifaru vitani, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kiwanda cha William Foster katika mji wa Lincoln kilikuwa kimekwisha kuunda kifaru cha majaribio kilichoitwa Little Willie. Kutokana na majaribio hayo vikaundwa vifaru 150 vya namna iliyoitwa Mark I. Katika hivyo 150, leo kimebaki kimoja tu, nacho kipo katika Makumbusho ya Vifaru huko Bovington, katika jimbo la Dorset.

Kilisalimikaje? Majaribio ya mwanzo yalifanyika katika uwanja wa Hatfield, mali ya Lord Salisbury. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, mwenye uwanja alipewa kifaru kimoja kiwe ukumbusho. Kikakaa pale uwanjani kwa miaka hamsini, watu wakijua ni kitu gani na kimetoka wapi, hata mwaka 1970 kikahamishiwa Bovington. Ndugu zake 149 hawakuwa na mwenyeji wa namna hiyo.

Baada ya vita hivyo hivyo, miji ya Uingereza ilipewa vifaru zaidi ya 260 kama shukrani kwa fedha ambazo raia walikuwa wameikopesha serikali. Vikawekwa mbele ya kumbi za miji na katika bustani, watoto wakavipanda na kuvichezea. Miaka ikapita. Kutu ikaingia, watu wakavichoka, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika, chuma kikawa kinatafutwa kila pembe. Vifaru vile vikakatwakatwa na kuyeyushwa. Kimebaki kimoja tu mahali kilipowekwa, nacho ni kile cha mji wa Ashford, jimbo la Kent. Sababu ya kupona kwake yachekesha kidogo: mwaka 1929 wakubwa wa umeme wa mji waliweka mitambo yao ndani ya tumbo la kifaru, kikawa kituo kidogo cha umeme. Nani angethubutu kukikata na mji mzima ukae gizani? Kifaru kilichopewa kazi kilipona, vilivyokaa bure viliyeyushwa.

Mfano wa tatu ni wa Vita Kuu ya Pili. Kifaru kilichoitwa Covenanter kiliundwa kwa wingi, vyote 1,771. Lakini kilikuwa na kasoro kubwa. Rejeta yake iliwekwa mbele, karibu na dereva, mbali na injini iliyokuwa nyuma, nayo injini ikawa inachemka mno. Kwa hiyo hakikupelekwa kupigana, ila kilitumika kufundishia askari, na baadaye vingi vikafanywa shabaha katika viwanja vya kulenga mizinga. Leo vilivyobaki ni vya kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1977 kimoja kilifukuliwa katika shamba la Denbies, jimbo la Surrey, na mwaka 2017 kikafukuliwa cha pili mahali hapo hapo, ambapo siku hizi ni shamba la mizabibu. Basi, ndugu zangu, vitu 1,771 vyaweza kutoweka katika umri wa mtu mmoja. Kila mtu alifikiri kwamba mwenzake amehifadhi kimoja.

NAMNA YA KULITAMBUA GARI

Mtu asiyezoea huona lori kuukuu na kusema, "Hili la vita." Mjuzi huuliza, "La vita gani, la kiwanda gani, la mwaka gani, na namba yake ngapi?" Kazi ya kujibu maswali haya ni kazi ya historia kabisa, sawa na kusoma hati za kale, ila hapa hati zimeandikwa juu ya chuma.

Kwanza hutazamwa umbo. Vifaru vya Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vya jinsi mbili, dume na jike, na hivyo ndivyo Waingereza wenyewe walivyoviita. Dume lilikuwa na mizinga ubavuni, jike lilikuwa na bunduki za rashasha peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili, Covenanter na ndugu yake Crusader hufanana sana kwa mbali. Lakini ukihesabu magurudumu makubwa ya ubavuni, Covenanter ina manne kila upande na Crusader ina matano. Hesabu ndogo hii humaliza ubishi wa saa nzima.

Pili hutafutwa namba. Katika Vita Kuu ya Pili kila gari la jeshi la Waingereza lilipakwa namba yake, na mbele ya namba iliwekwa herufi ya kuonyesha aina. Malori makubwa yalikuwa na herufi L, malori madogo Z, magari ya abiria M, pikipiki C, magari ya wagonjwa A, magari ya deraya F na vifaru T. Mwaka 1949 utaratibu ulibadilishwa, zikaja namba zenye tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha gari lenye namba ya mtindo huo wa pili na kukuambia kuwa halijaguswa rangi tangu mwaka 1944, mshukuru kwa chai yake uende zako.

Tatu hutazamwa kibati cha kiwandani, ambacho kwa kawaida hupigiliwa ndani ya kabini, pamoja na namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Kibati chaweza kuwa na jina la kiwanda, namba ya chesisi na namba ya mkataba ambao jeshi lilifunga na kiwanda. Kwa namba ya mkataba mtaalamu aweza kujua gari liliagizwa lini na katika kundi lipi.

Nne ni rangi. Magari ya jeshi yalipakwa rangi juu ya rangi: ya kijani ya Ulaya, ya mchanga wa jangwani, na nyinginezo kwa kadiri ya uwanja wa vita. Fundi mwenye subira huchukua msasa laini na maji, akasugua polepole sehemu ndogo kama kiganja, akishuka tabaka moja baada ya jingine kama anayemenya kitunguu. Mara hutokea tarakimu, mara nyota nyeupe iliyopakwa katika miaka ya mwisho ya vita, mara nembo ya divisheni. Hapa yafaa tukumbuke kwamba nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake wa King's African Rifles walipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama wa porini. Nembo kama hiyo ikitokea chini ya rangi kuukuu, lori hilo limekwisha kujitaja ukoo wake.

Hata hivyo ushahidi mmoja hautoshi. Kibati hung'olewa na kupigiliwa kwenye gari jingine, boneti hubadilishwa, namba hupakwa na mtu anayetaka bei nzuri. Kama ilivyo mahakamani, ni lazima mashahidi wapatane. Umbo, chesisi, kibati, rangi na karatasi vikisema neno moja, hapo ndipo twaweza kusema kwamba tumelitambua.

HABARI YA DEBORAH

Mfano bora kabisa wa kazi hii ni wa kifaru kimoja cha Mark IV. Vya namna hiyo viliundwa zaidi ya 1,200, na leo vimebaki saba tu ulimwenguni.

Kijiji cha Flesquières kiko karibu na mji wa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Tarehe 20 Novemba 1917 Waingereza walishambulia katika sehemu hizo kwa vifaru zaidi ya 400, wingi ambao dunia ilikuwa haijapata kuuona. Kimojawapo kilikuwa D51, jike, ambacho askari wake walikiita Deborah. Kilipita ndani ya kijiji na kutokea upande wa pili, na hapo kikapigwa mizinga. Askari wake watano walikufa. Kamanda wao, Luteni Frank Heap, alinusurika. Baadaye kifaru kikafukiwa ardhini, nyumba zikajengwa upya, mashamba yakalimwa, na dunia ikakisahau.

Katika miaka ya 1990 Philippe Gorczynski, mwenye hoteli wa Cambrai na mpenzi wa historia ya vita hivyo, alisikia simulizi ya bibi kizee mmoja wa kijijini, ambaye katika ujana wake alikuwa ameona kifaru kikifukiwa. Wengine wangeliita hilo hadithi ya vikongwe. Yeye aliifuata kwa miaka kadhaa, akitafuta katika picha zilizopigwa kutoka angani na katika udongo wenyewe, hata Novemba 1998 kifaru kikapatikana. Lakini kilikuwa kifaru kipi? Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Habari za kikosi zilisomwa, picha za zamani zikalinganishwa na matundu ya mizinga yaliyomo katika chuma, na makaburi ya askari yakachunguzwa. Mashahidi wakapatana: ni D51, ni Deborah.

Tazameni sasa tofauti iliyoletwa na jina. Kabla ya kutambuliwa, lile lilikuwa bonge la chuma lililotoboka. Baada ya kutambuliwa, watu watano waliokufa ndani yake walipata mahali pao katika historia, na jamaa zao wakajua pa kwenda. Novemba 2017, miaka mia moja baada ya vita vile, nyumba ya makumbusho ilifunguliwa kwa ajili ya Deborah pale pale Flesquières, kando ya makaburi ya Waingereza. Wala hawakuyaziba matundu, wala hawakukipaka rangi mpya. Matundu yale ndiyo maandishi yake.

KUMI NA TATU WALIOBAKI MMOJA

Upande wa magari ya deraya, maarufu kuliko yote yalikuwa yale ya Rolls-Royce. Mwaka 1922 Waingereza waliipa serikali mpya ya Ireland magari kumi na matatu ya namna hiyo. Moja liliitwa Sliabh na mBan. Tarehe 22 Agosti 1922 gari hilo lilikuwa katika msafara wa Michael Collins, mkuu wa jeshi la Ireland, aliposhambuliwa na kuuawa mahali paitwapo Béal na Bláth.

Magari hayo yaliendelea na kazi hadi mwaka 1944, yalipositishwa kwa kuwa matairi mapya hayakupatikana tena. Mwaka 1954 kumi na mawili yakavuliwa silaha na kuuzwa. La kumi na tatu halikuuzwa. Lilikuwa na chuma kile kile na injini ile ile, wala halikuwapita ndugu zake kwa uzuri. Lilichopita nacho ni jina, na siku ile moja ya Agosti. Jeshi la Ireland lingali linalo hadi leo, limetengenezwa, na hutembea kwa injini yake.

KUHIFADHI NI NINI?

Wengi hudhani kuhifadhi gari ni kulifanya ling'ae. Gari likipigwa msasa mpaka chuma cheupe, likapakwa rangi mpya na kuwekwa vipuri vya dukani, huenda likapendeza macho, lakini limesahaulishwa yote liliyoyajua. Ni sawa na kuchukua daftari la babu, ukafuta maandishi yake ili karatasi ipendeze.

Kanuni za mafundi wa makumbusho ni nyepesi kukumbuka. Piga picha kabla ya kugusa kitu. Kila kinachofunguliwa kiandikwe kilikuwa wapi. Kilicho cha asili kisitupwe hata kama kimeoza. Kiwekwe pembeni na kupewa kibandiko. Maji yazuiwe kwanza, maana paa la bati juu ya gari huliponya kuliko makopo kumi ya rangi. Na kila kipya kinachoongezwa kiandikwe kuwa ni kipya, ili mjukuu asidanganyike.

Tena ipo hatari. Saa za dashibodi za wakati wa vita mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, na rangi hiyo ikiingia mwilini ni sumu. Vitambaa vya breki na vya klachi vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kwa hiyo mtoto asiachwe kuchokonoa saa hizo, na fundi asipulize vumbi la breki kwa mdomo.

NA HAPA KWETU JE?

Sasa nimefika nilipoahidi. Magari haya yalikanyaga ardhi yetu. Ya deraya ya Rolls-Royce yalifika Afrika Mashariki wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wetu wengi walijifunza udereva katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, na ujuzi ule wakarudi nao nyumbani.

Kisha likaja shamba la karanga. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikapoteza pauni milioni 36 hivi. Matrekta hayakutosha, basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman vya Kimarekani, ikavivua mizinga na deraya, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mtu angeweza kupita karibu na trekta la namna hiyo asitambue kwamba chini yake mna kifaru. Huo ndio udhaifu wa macho yasiyofundishwa.

Nanyi nyote mnalijua lile lori bovu lililo nyuma ya karakana ya useremala, lenye pua bapa na kabini iliyoketi juu ya injini. Kila kizazi cha wanafunzi kina hadithi yake. Wengine husema lilitoka Burma, wengine husema lilitoka Kongwa, na wengine husema lilinunuliwa mnadani likiwa tayari limechoka. Mwaka huu mnunuzi wa vyuma chakavu amefika shuleni na kutaja bei, na Bodi itatoa uamuzi wake baada ya mkutano wetu.

Sisemi kwamba lori lile ni tunu. Nasema kwamba hakuna ajuaye, na jambo hili halihitaji fedha kulijua. Malori ya vita yenye pua bapa yaliyotumiwa na jeshi la Waingereza yalikuwa ya aina mbalimbali. Huenda ni Bedford QL ya Kiingereza, ambayo yaliundwa takriban 52,000. Huenda ni lori la Kanada, la Ford au Chevrolet, ambayo yaliundwa zaidi ya 400,000 ya aina zote. Mengi ya haya ya Kanada hutambulikana kwa fremu ya kioo cha mbele: imeegemea kinyume, juu imetokeza na chini imeingia ndani, kama mtu anayetazama vidole vya miguu yake. Mtu mmoja akienda na kutazama fremu hiyo, nusu ya ubishi wa miaka yote itakuwa imekwisha.

Basi ombi langu kwa mkutano ni haya matatu. Kwanza, Bodi iombwe isiuze kitu mpaka kibati cha kabini na namba ya chesisi zisomwe na kunakiliwa. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, kwa brashi, mafuta ya taa na kalamu. Pili, kila mwenye picha ya zamani ambamo lori hilo laonekana, hata kama yeye mwenyewe alikuwa amelikalia akijipiga kifua, ailete mkutanoni. Tatu, wale walimu na wafanyakazi wa zamani walio hai waulizwe sasa, nao wasikilizwe kama yule bibi wa Flesquières alivyosikilizwa, maana simulizi hazingoji mkutano ujao.

Ikiwa baada ya hayo itaonekana ni lori la kawaida lisilo na historia, liuzwe, na fedha zinunue vitabu. Hatutakuwa na majuto. Lakini ikiwa chini ya rangi ile ya bluu ya shule kuna herufi L na namba, au kichwa cha kifaru, basi tutakuwa na hati ambayo wanafunzi wa leo wanaweza kuishika kwa mikono, juu ya vita ambavyo babu zao walipigana. Wahenga walisema, usitupe mbacha kwa msala upitao. Nami naongeza, usiutupe mbacha kabla hujaukunjua ukaona umeandikwa nini.

Brashi nitakuja nayo mimi. Mafuta ya taa alete mwingine.